Nguzo za kushikilia bodi za dari: mirunda, propu za zege au T za mbao?

Mjenzi wa Goba

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninamalizia nyumba yangu huku Goba na sasa tumefika kwenye dari. Chumba cha kwanza kina mita 3 kwa 3.6, blandaring (fremu ya kupigia bodi) za mbao za inchi mbili kwa mbili zimeshapigwa, na kutoka sakafuni hadi chini ya blandaring ni mita 2.8. Bodi ni za jipsamu za milimita 9, zile za mita 1.2 kwa 2.4. Juzi fundi na msaidizi wake waliinua bodi ya kwanza kwa vichwa na mikono. Mmoja alipoachia mkono kutafuta skrubu mfukoni, bodi ilipinda katikati ikakatika. Fundi anasema ndivyo kazi inavyofanyika siku zote. Mimi naona panahitajika nguzo za kuishikilia, ila sijui nichukue mirunda (nguzo za miti) iliyobaki, niazime propu za chuma za kumwagia zege, au nitengeneze kitu kingine. Naomba ushauri wenu.

Mkongwe wa Kimara

Mirunda inatosha, dada. Unakata urefu, unagongelea kipande cha ubao juu, kazi inaendelea. Tumejenga hivyo miaka mingi.

Seremala wa Mbagala

Pole kwa hasara, dada. Kwa heshima yote kwa mzee wangu wa Kimara, mrunda hubeba uzito bila shida, lakini mara nyingi umepinda, na nguzo iliyopinda huzunguka mkononi wakati unataka itulie. Propu ya zege nayo ni nzito kuihamisha kila baada ya bodi moja, na sahani yake ya juu ni ndogo, kwa hiyo ukiikaza kidogo tu inaacha alama kwenye karatasi ya bodi au inaitoboa. Bodi yako haizidi sana kilo 20. Tatizo lake ni kwamba ni pana na inalegea, hivyo inataka kushikiwa mahali papana.

Tengeneza T mbili za mbao mbili kwa mbili iliyonyooka. Kichwa kiwe na urefu wa mita 1, kiungwe kwa vipande viwili vya mshazari ili kisicheze, kisha ukivishe kipande cha zulia au gunia. Chini ya mguu pigilia soli ya kandambili iliyochakaa, kwa sababu sakafu yenye vumbi la saruji huteleza kuliko watu wanavyodhani.

Urefu ndio wenye kazi. Ukiweka bodi ya milimita 9 chini ya blandaring zako, inabaki karibu mita 2.79, basi T nzima, pamoja na zulia na kandambili, iwe mita 2.80. Hiyo sentimeta 1 iliyozidi ndiyo inayoibana: T itasimama ikiwa imeinama kidogo, mguu wake ukiwa umetoka kati ya sentimeta 20 na 30, nawe utausukuma kwa kisigino polepole mpaka bodi iguse mbao. Ukizidisha sentimeta 5, mguu utakwenda zaidi ya nusu mita na utateleza. Tena iinamishe kwa kukatisha kichwa; ukiiinamisha kufuata urefu wa kichwa, ni ncha moja tu itakayogusa bodi.

Mjenzi wa Goba

Nimekuelewa, fundi, na ninashukuru. Je, T hizo ziwekwe wapi chini ya bodi, na watu wawili watainuaje bodi wakati T nazo zinahitaji mikono?

Seremala wa Mbagala

Kila moja iwe takribani sentimeta 60 kutoka mwisho wa bodi, kichwa kikikatisha upana na kikikaa katikati ya blandaring mbili, maana kikikaa chini ya blandaring kitaziba mahali pa skrubu. Kuhusu mikono, pigilia ubao mwembamba ukutani, sentimeta 3 chini ya blandaring, ili ukingo wa bodi uegemee hapo kwanza. Mmoja anashika upande wa pili, mwenzake anasimamisha T. Matundu ya misumari yatafunikwa baadaye na mkanda wa jipsamu wa pembeni.

Fundi Dari, Kigamboni

Naongeza jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka. T isiondolewe eti kwa sababu tu pembe nne zimeshika. Anzeni skrubu katikati ya bodi mkielekea kingo, kila blandaring ipate zake kwa umbali wa karibu sentimeta 20, na kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi. Wala msisukume T kwa nguvu ili kufidia blandaring iliyoshuka. Bodi itabanwa kwa sasa, kisha skrubu zitang'oka. Pitisheni kamba kwanza, blandaring inayoning'inia irekebishwe kabla bodi haijapanda.

Zile nguzo za chuma zinazorefuka, zenye raba juu na chini, ni nzuri kwa mwenye kazi nyingi, ila kumbuka kwamba kadiri unavyozirefusha ndivyo zinavyobeba uzito mdogo. Kwa nyumba moja, T zinatosha.

Mjenzi wa Goba

Ahsanteni sana. Fundi amezikubali T, ingawa ameguna kidogo kuhusu kandambili. Kamba tuliyopitisha imeonyesha blandaring mbili zimeshuka karibu na mlango, kwa hiyo kesho tunaanza na hizo.