Kondo la nyuma la ng'ombe halijatoka tangu juzi, naombeni ushauri

Mwana_Tukuyu:
Wakuu habari zenu. Nina ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friesian, yuko Tukuyu. Kazaa juzi usiku na kondo la nyuma limegoma kutoka mpaka sasa. Limening'inia hadi kwenye magoti ya nyuma, limeshaanza kunuka na nzi wamejaa. Simu ya bwana mifugo wa kata haipatikani. Kuna dawa gani ya dukani ya kulitoa haraka? Jumamosi nataka awe safi. Nisaidieni, hata usingizi sipati.

Mamandama:
Pole kaka. Kwetu Hai marehemu baba alikuwa anafunga kandambili kuukuu kwenye kondo, uzito unalivuta taratibu. Mimi sithubutu, nimewahi kuona kizazi chote kikitoka nje. Muhimu ndama apate dang'a, yale maziwa ya mwanzo baada ya kuzaa, ndani ya saa sita za kwanza, lita tatu hivi, na kitovu kipakwe ayodini. Jirani yangu alichelewesha dang'a, ndama akaharisha mpaka akafa.

Mzee wa Kongwa:
Mimi 2007 nilikuwa huku Dodoma wakati wa Homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi na ng'ombe walitupa mimba, watu wakafa, nyama ikakosa mlaji. Tangu hapo mnyama akizaa vibaya sishiki kitu kwa mikono mitupu. Nyie vijana mnapenda ng'ombe wa kisasa lakini kuwalinda hamtaki.

Bwanamifugo_Nyanda:
Usivute, na usifunge kitu chochote. Kama ana homa au hataki kula, atahitaji sindano ya mtaalamu, na maziwa yake yasitumike mpaka muda wa dawa uishe. Sasa nijibu: alipandishwa lini, na ndama yuko hai?

Mwana_Tukuyu:
Mwishoni mwa Agosti. Ndama alitoka amekufa. Lakini mimi nimeuliza habari za kondo.

Bwanamifugo_Nyanda:
Mimba ya ng'ombe ni siku 280 na ushee. Ya mwishoni mwa Agosti inaangukia mwanzoni mwa Juni, na leo tuko Machi. Huyo hakuzaa, katupa mimba. Ni wa kwanza hapo zizini?

Mwana_Tukuyu:
Wa pili. Mwenzake alitupa Januari, tukajua kateleza kwenye tope, mvua za Rungwe mnazijua. Sasa huyu kuna mteja wa Uyole ameshalipa nusu, anakuja kumchukua Jumamosi. Ng'ombe kutupa mara moja si kilema, mimba ijayo atabeba vizuri tu. Mteja alikuja akamwona akamkubali. Sijamficha kitu, hajauliza.

Mzee wa Kongwa:
Hata asipouliza, kijana wangu, hela ya mtu ina jasho lake. Mwambie.

Kisu Kikali:
Wadau, hii ni chai, tena haina hata sukari. Huyu mwaka jana alikuwa anatafuta chumba cha kupanga Mbezi, leo ana zizi Tukuyu! Weka picha tuone.

Mamandama:
Hata mimi nimeanza kuona hivyo. Ndama mfu hakumtaja mpaka alipobanwa.

Mwana_Tukuyu:
Si chai. Mbezi ndiko ninakofanyia kazi. Ng'ombe ni wangu ila anayewatunza ni mama. Picha kanitumia kwa simu ya jirani, siiweki kwa sababu na yeye anaonekana. Lile kondo la Januari alilitoa mwenyewe kwa mikono, likawa linakuja vipande vipande. Hata hili angelitoa, ila anaumwa. Homa inampanda jioni, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, kiuno na magoti havimpi raha. Zahanati wamempa dawa za malaria, kamaliza, wamempa tena.

Bwanamifugo_Nyanda:
Ndugu yangu, acha kondo kwanza. Hayo uliyoeleza yanafanana na brusela, huo tunaouita ugonjwa wa kutupa mimba. Binadamu anaupata kwenye kondo, majimaji ya uzazi na maziwa mabichi. Sisemi ndio huo, lakini mama aende hospitali apimwe, na amwambie daktari wazi kwamba anakamua ng'ombe waliotupa mimba. Asipolisema hilo atapewa dawa za malaria mara ya tatu. Ukigundulika unatibika, dawa zinachukua wiki sita hivi.

Kwa ng'ombe hakuna tiba ya kutegemea. Zizi zima litolewe damu, TVLA, maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo, ina kituo Iringa. Ndama na kondo vizikwe shimo refu, mbwa wasifukue, na anayevishika avae glovu. Huyo ng'ombe asitoke hapo mpaka majibu yaje. Ukimpeleka Uyole unapeleka ugonjwa kwenye zizi la mwenzako.

Kisu Kikali:
Kama ni kweli nafuta kauli. Mpigie mama sasa hivi.

Mwana_Tukuyu:
Nimeongea naye. Jirani anampeleka hospitali kesho alfajiri. Mteja nitamwambia asubiri. Ila akidai hela yake sina, nimelipia ada ya mdogo wangu.

Mamandama:
Mpigie leo, kabla hajakodi gari. Ada mtaelewana. Na ule mgando ulioko kwa mama, maziwa yake yalichemshwa?

Mwana_Tukuyu:
Mama hachemshi. Anasema yakichemshwa hayagandi vizuri.

Bwanamifugo_Nyanda:
Umwagwe kwenye shimo hilohilo.