Naombeni ushauri: mdogo wangu alienda kambi ya masista, sasa hataki kurudi nyumbani

Nyikani76
Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na presha, mnivumilie nisipopanga vizuri.

Nina mdogo wangu wa kike, amemaliza kidato cha sita mwezi Mei. Baba hatunaye, mimi ndiye ninayemlea. Mwezi wa sita masista walipita parokiani kwetu kutangaza kambi ya wasichana, wiki mbili, kwenye nyumba yao nje kidogo ya Dodoma mjini, upande wa barabara ya Arusha. Karatasi waliyogawa ninayo hapa mezani: shuka mbili, ndoo, kandambili, sahani na kikombe, sketi zinazovuka magoti, Biblia, rozari, jembe. Nikajua ni yale mambo ya kawaida ya vijana, nyimbo, mpira wa pete, mafungo kidogo, kisha wanatoka kwenda vijijini kwenye utume, kutembelea wagonjwa na kufundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Nauli nilimpa mimi mwenyewe.

Kambi imeisha, wenzake wamerudi. Yeye kapiga kwa simu ya sista, anasema ameomba abaki kwa "njoo uone" mpaka matokeo yatoke. Nilitaka kumfuata wiki iliyopita, mvua ikawa imekata njia pale korongoni, nikageuza.

Swali langu ni moja. Masista wana haki ya kukaa na binti wa watu bila idhini ya familia? Niende na polisi au nianzie kwa paroko? Jambo lenyewe halingoji. Naomba majibu ya wenye uelewa, matusi hapana.

Kibajaji cha Nkuhungu
Wa kwanza hapa. Polisi tena mkuu, kwani sista kaiba nini? Nimekaa pale kwenye kona nawasubiri wenye uelewa.

Mama Wawili
Ana miaka mingapi?

Nyikani76
19, anaelekea 20.

Mama Wawili
Basi huyo ni mtu mzima, amepiga simu, amesema yuko wapi na kwa nini. Wa kwangu wakienda kwa shangazi yao hata hizo habari sizipati.

Chilonwa Boy
Pole sana mkuu, mimi nayajua hayo. Mchumba wangu aliondoka hivihivi, alienda kambi ya Juni akarudi haongei, anasali tu. Nikajipa moyo itapita. Januari akafunga begi. Miaka ikaenda, siku moja malaria imenikamata niko safarini huko Mpwapwa, nafika zahanati ya misheni, anayekuja na sindano ni yeye, kavaa shela. Akaniuliza jina langu kamili ili aandike kwenye kadi! Nikamtajia. Akaandika taratibu kabisa, akaniambia geuka. Hiyo sindano naikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo ushauri wangu, kamfuate mapema.

Mlutheri Mpole
Sisi kwetu vijana wanaenda kambi, wanarudi na wachumba. Ninyi wenzetu mnapeleka wachumba hawarudi. Mjitafakari.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nitamjibu aliyeuliza, maana naona mmeshaanza kucheka.

Kambi si kuingia utawa. Kambi ni vijana kukaa pamoja, kusali, kufanya kazi na kuona masista wanaishije. "Njoo uone" nayo ni kukaa muda mfupi kama mgeni. Akitaka kuendelea atarudi nyumbani kwanza, alete barua ya paroko wake na vyeti, ndipo aanze hatua za malezi ya utawa: uaspiranti, baadaye upostulanti, halafu unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 643, inasema asiyetimiza miaka 17 hapokelewi unovisi, mwenye ndoa hapokelewi, na anayeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, kupokelewa kwake ni batili. Unovisi hauwezi kupungua miezi 12. Baada ya hapo nadhiri za muda, miaka isiyopungua mitatu, ndipo zije za daima, na hizo haziwekwi na mtu aliye chini ya miaka 21. Kwa hiyo ndugu yangu, hata mdogo wako akianza leo, mlango wa kutokea utakuwa wazi kwa miaka kadhaa. Hakuna aliyemfungia.

Nenda kwa paroko. Polisi utajiaibisha.

Novisi wa Zamani
Katekista kasema kweli, na mimi nimepita huko. Niliishia unovisi, nikaona si pangu, mlezi akanisindikiza mwenyewe hadi stendi na sanduku langu. Watu wanadhani ukitoka unalaaniwa. Leo nina duka la vifaa vya shule na masista ni wateja wangu wakubwa, wanalipa kwa wakati kuliko halmashauri.

Ila niwaambie, ule utume wa vijijini ndio unaowakamata wasichana, wala si nyimbo. Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja, Masifu ya Asubuhi, Misa, uji, halafu mnagawanywa wawili wawili. Mimi nilipangiwa bibi mmoja asiyeona. Mwezi wa saba ule upepo wa Dodoma unakata masikio. Tunamchotea maji, tunamfagilia, tunapura uwele wake, halafu anatulazimisha tule ugali na mlenda wake ndipo tuondoke. Sista mkubwa alitukataza kukataa. Alisema bibi akishindwa kukupa kitu, umemgeuza ombaomba. Pale ndipo nilipoanza kuutamani utawa, kabla hata sijajua nadhiri ni nini.

Kitu kingine, wanauliza maswali. Mlezi aliniuliza siku ya kwanza kabisa: kuna mtu anayekudai, wa fedha au wa uchumba? Hata madeni yamo kwenye sheria, mtu mwenye deni asiloweza kulipa hapokelewi hivihivi.

Kibajaji cha Nkuhungu
Basi mimi wito nilishaukosa tangu mkopo wa bajaji.

Mkulima wa Zabibu
Nje ya mada kidogo, kambi za namna hii kwa wavulana zipo? Nina mtoto wa kaka yangu yuko likizo, kazi yake kula na kuchezea simu. Hilo jembe nimelipenda.

Mama Wawili
Mleta mada, rudi hapa. Kuna kitu hakijakaa sawa. Wenzake wengi waliomaliza kidato cha sita saa hizi wako JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, wanakimbia mchakamchaka Makutupora na kwingineko, tena miezi na si wiki mbili. Yeye hakwenda kwa nini?

Nyikani76
JKT tuliona asubiri kwanza. Kuna mambo ya familia.

Mama Wawili
Mambo gani?

Nyikani76
Ya kifamilia tu. Hayahusiani na nilichouliza.

Mama Wawili
Nani kaleta barua ya posa?

Chilonwa Boy
Mama huyu ni usalama wa taifa.

Nyikani76
Sawa, niseme ili muelewe. Yupo kijana, mtu wa heshima, ana mashine ya kusaga na anajenga. Posa ililetwa mwaka jana, ikapokelewa na wazee wote. Ng'ombe sita na mbuzi wameshaingia zizini. Harusi ilipangwa mwezi wa nane, watu wakishavuna. Ng'ombe wawili waliuzwa, mama akaezekewa bati, maana nyumba ilikuwa inavuja kila masika. Sasa kosa liko wapi? Sijamuuza mtu. Huo ndio utaratibu wetu na ndio uliotuzaa sote humu. Na msichana mwenyewe alikuwepo siku hiyo, aliulizwa mbele ya shangazi zake, akanyamaza. Kwetu kunyamaza ni kukubali. Hiyo kambi nilimruhusu nikijua mafungo yatamwandaa kwa ndoa.

Kibajaji cha Nkuhungu
Mafungo yakamwandaa kweli, ila kwa bwana harusi mwingine.

Mlutheri Mpole
😂😂😂

Katekista Mstaafu
Hilo ungelisema mwanzoni, nisingeandika yote yale. Sikia. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili. Yaani kama ilivyo kwa utawa. Ukimleta kwa nguvu mkasimama altareni, padre atamuuliza kama amekuja kwa hiari yake. Akisema hapana mbele ya watu, hao ng'ombe watageuka wimbo wa kijiji.

Wakili wa Mtaani
Niongeze la serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wote wawili, kunyamaza mbele ya mashangazi hakumo. Mahari si sharti la ndoa kuwa halali. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa isiyofungwa kwenda mahakamani kudai arudishiwe, akithibitisha alitoa kwa sharti la kuoa. Kwa hiyo tatizo lako halipo kwa masista kabisa. Lipo zizini. Anza kutafuta ng'ombe wawili.

Nyikani76
Ninyi mnaongea kirahisi. Hamjui uchungu wa kutoa ng'ombe sita halafu mtu anakwambia anasikiliza sauti ya Mungu. Miezi yote hiyo alikuwa haisikii? Mimi sina ugomvi na Kanisa, nimebatizwa na niko VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki. Nataka tu aje nyumbani aseme mwenyewe, mbele ya wazee.

Tangawizi Kali
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Moja, mvua. Anasema wiki iliyopita mvua ilikata njia. Dodoma hii? Mvua zetu Aprili zikichelewa sana zimeisha, saa hizi watu wanaanika alizeti uani na wanajifunika mablanketi. Korongo lina vumbi mpaka Desemba.

Mbili, rudini kwenye ujumbe wake wa mwisho. "Uchungu wa KUTOA ng'ombe sita." Kaka wa binti hatoi, anapokea.

Chilonwa Boy
Aisee.

Nyikani76
Nilibadilisha vitu vidogo vidogo ili nisitambulike kijijini. Kila mtu anafanya hivyo humu. Hiyo kutoa ni haraka ya kuandika.

Kibajaji cha Nkuhungu
Ukabadilisha hali ya hewa ya mkoa mzima?

Novisi wa Zamani
Mimi nadhani si chai. Hadithi ni ya kweli, ila msimuliaji siye. Ana mashine ya kusaga huyu. Angalieni alivyomsifia huyo kijana, "mtu wa heshima", wakati jina la shule ya mdogo wake au tahasusi aliyosoma hajagusa kabisa.

Tangawizi Kali
Ndugu mleta mada, amesoma tahasusi gani?

Mama Wawili
Tunasubiri.

Mkulima wa Zabibu
Bado sijajibiwa kuhusu kambi ya wavulana.

Katekista Mstaafu
Mkulima, ulizia parokiani kwako, muulize paroko nani anashughulikia miito ya jimbo. Kuna mashirika ya mapadre na mabruda yanayochukua wavulana wakati wa likizo. Jembe na lenyewe lipo.

Nyikani76
Naona mmeamua kunijadili mimi mkaacha tatizo. Awe kaka, awe nani, ng'ombe ni ng'ombe. Jumamosi nakwenda, na mwenye gari nimeshaelewana naye, kapewa nusu ya hela.

Mama Wawili
Gari la kumbeba msichana au la kurudisha ng'ombe?

Wakili wa Mtaani
Bro, usiingie pale kwa fujo. Ukimbeba mtu mzima asiyetaka, hapo ndipo polisi uliowauliza watakapokuja kweli, na hawatamjia sista.

Novisi wa Zamani
Na getini kuna daftari la wageni. Unaandika jina, unakotoka, halafu uhusiano wako na unayemtembelea. Sista wa mapokezi anasoma, anakwenda ndani kumuuliza msichana kama anakufahamu hivyo. Utaandika nini?

Nyikani76
Nitaandika ndugu.

Kibajaji cha Nkuhungu
Wa damu au wa ng'ombe?