Mama anakwenda Penang kutunza mzazi: kilo 7 za ndege ya bei nafuu zinahesabiwaje?

KijanaWaChumbageni

Salaam wanajamvi. Niko Tanga, naomba msaada wa haraka kwa waliowahi kupanda zile ndege za bei nafuu za Asia, hasa Malaysia.

Dada yangu anasoma Penang na amejifungua wiki mbili zilizopita. Mama ana miaka 61, hajawahi kupanda ndege, na keshasema arobaini ya mjukuu wake haitaisha yeye yuko Chumbageni anatazama picha kwenye simu. Tumechangishana, tiketi zimekatwa, anaondoka Jumatano ijayo.

Tiketi ni mbili, tumekata mbalimbali. Ya kwanza ni Dar mpaka Kuala Lumpur kupitia Ghuba, shirika kubwa, kilo 30 za mzigo na chakula humo humo. Ya pili ni Kuala Lumpur mpaka Penang, shirika la bei nafuu. Bei yake ilitufanya tucheke. Jana usiku nimeisoma vizuri, kicheko kikaisha: mzigo wa mkononi kilo 7, mzigo wa chini hakuna.

Sasa njooni muone kitanda cha mama. Kanga doti sita na vitambaa vya mkaja. Pilipili manga ya uji, iliki, karafuu, tangawizi kavu. Chupa mbili za mafuta ya nazi alizochemsha mwenyewe. Liwa, na msio wa kusagia hiyo liwa, jiwe lenyewe la bibi yake. Ng'onda wamefungwa gazeti. Na mbuzi ya kukunia nazi. Nimemuuliza mbuzi ya nini, kaniambia, "Kwani huko watamkunia nani?"

Je, zile kilo 30 za tiketi ya kwanza haziwezi kuhamia ya pili, maana safari ni moja? Na hizo 7 wanapima kweli au ni maneno ya kwenye karatasi tu, kama kibao cha "abiria 14" kwenye daladala?

Mla Vibibi

Watanga bwana! Mtu anapanda ndege na mbuzi. Mwambie mama aongeze na kinu na mchi, mjukuu asikose kisamvu.

Samahani mkuu, hongereni kwa mtoto. Ila nina swali la kweli: mama atakaa kwenye kiti gani? Nasikia siti za huko magoti yanagusa kidevu.

Mama Vitenge Ngamiani

Mwanangu wa Chumbageni, usiwasikilize wenye mzaha. Nisome mimi, nimepigwa na ndege hizo mpaka nikafunzika.

Wanapima. Tena wanapima wakati huna pa kukimbilia.

Mwaka 2018 nilikwenda Bangkok kuchukua vitambaa na abaya pale Pratunam. Kurudi, tiketi yangu ya nyumbani ilikuwa inaanzia Kuala Lumpur, kwa hiyo nikakata ndege ya bei nafuu ya kunitoa Bangkok. Shirika silitaji, sitaki ugomvi na watu wa mbali. Begi la chini nililipia kilo 20 mapema kwenye simu, hilo nilikuwa nalijua. La mkononi nilijiambia, nani atahangaika na mama mtu mzima? Nikalijaza abaya, na pembeni nina kikapu changu cha ukili na mfuko wa plastiki wa vitu vya njiani.

Nikapita kaunta salama. Nikapita ukaguzi salama. Nimekaa getini naona raha, akaja binti mwembamba na mzani wa kuning'iniza, ule kama wa wauza samaki pale Deep Sea ila huu unaandika namba. Akaninyooshea kidole. Nikampa begi. Akatikisa kichwa, akaonyesha na kikapu, akaonyesha na mfuko. Vyote pamoja akavitundika: 9.6.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilo 7 si za begi, ni zako wewe. Mkoba ndani, kikapu ndani, na chupa ya maji iliyomo kwenye kikapu nayo ndani.

Bei aliyonitajia ya zile kilo mbili na kidogo ilizidi niliyonunulia tiketi. Nikamwambia subiri. Nikakaa chini mbele za watu, nikafungua begi, nikavaa abaya juu ya abaya niliyovaa, kisha nyingine tena juu yake. Yadi nne za lesi nikajifunga kiunoni kwa ndani kama mkaja. Nilipoinuka nilikuwa mja mzito wa miezi minane. Abiria mmoja wa Kichina akanipisha kiti. Yule binti akapima tena, 7.2, akatazama mzani, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa mkono na kunipungia nipite.

Usifurahi bado. Ndani ya ndege mkanda ukakataa kufika. Nikaletewa kipande cha kuungia, kile cha watu wanene, na joto la abaya tatu ndege ikiwa bado chini sikutamani hata adui yangu. Nikaomba maji. Maji yanauzwa. Nina noti ya dola 100 na shilingi za kwetu, hawana chenji ya dola 100. Nilikaa na kiu yangu mpaka Kuala Lumpur.

Lakini mwanangu, si wezi wale. Nimekaa nikafikiri, nikaona wanafanya kama mimi dukani. Nakuuzia doti ya kanga haijapindwa. Bei yangu ni ya kanga. Ukitaka upindiwe, fundi yuko kibarazani na ana bei yake. Ukiniuliza kabla hujalipa nitakwambia yote, ukiniuliza umeshafika mlangoni na shughuli ni jioni hii, fundi atakuona huna ujanja. Wale wanauza kiti tu. Kilo ni biashara nyingine, chakula nyingine, kuchagua dirisha nyingine. Ujinga ni kununua upindo ukiwa getini.

Kwa hiyo ingia leo kwenye tiketi ya pili, ongeza mzigo wa chini. Usingoje Kuala Lumpur, bei ya uwanjani siyo ya kwenye simu. Na zile 30 zisahau. Shirika la pili halijui kama mama yako ametoka Tanga au ametoka nyumba ya pili.

Mbuzi ina meno ya chuma, hiyo kwenye begi la mkononi watamnyang'anya hata kabla hajatoka Dar. Jiwe la liwa nalo aliweke chini, lina uzito wa bure.

KijanaWaChumbageni

Mama Vitenge, nimemsomea mama maneno yako yote. Kwenye yadi nne za lesi kacheka mpaka kakaa chini. Ila kashika msimamo: msio unakwenda.

Ninyi mnaoishi huko, saa nazo zinanitia wasiwasi. Ndege ya kwanza inatua 14:55, ya pili inaruka 17:10. Inatosha?

Dogo wa Bayan Lepas

Mkuu, nipo Penang mwaka wa tatu sasa, kwetu Muheza. Hongera ya mjomba.

Kwa mtu aliyezoea, na begi dogo mgongoni, huenda. Kwa mama yetu, hapana. 17:10 ni saa 11 na dakika 10 jioni, lakini kaunta ya kuacha mizigo inafungwa saa nzima kabla. Kwa hiyo saa yake ya kweli ni saa 10 na dakika 10. Akitua saa 9 kasoro dakika 5, ana saa moja na robo ya kushuka, kupanga foleni ya uhamiaji, kungoja begi litokee, kulipitisha forodhani, halafu kuhama jengo. Hapo ndipo wengi wanapokwama: Kuala Lumpur ndege kubwa zinatua Terminal 1, za bei nafuu ziko Terminal 2, na si mlango wa pili, ni jengo jingine kabisa. Kuna treni kati yake, ni dakika 3 tu na ringgit 2, ila lazima uijue ilipo na uwe na hela ya huko.

Na kwa kuwa tiketi ni mbili, ile ya kwanza ikichelewa, wa pili hawadaiwi kitu. Ndege itaondoka, na tiketi yake itakuwa imekwenda nayo. Msogeze mbele mpaka ndege ya usiku, au bora zaidi ya asubuhi inayofuata. Kubadilisha utalipia, lakini lipia tu. Au dada yako amtume shemeji aje kumpokea Kuala Lumpur wapande treni ya umeme. Mpaka Butterworth, ng'ambo ya kisiwa cha Penang, ni kama saa 4, mnavuka kwa feri mko kisiwani. Kwa barabara ni masafa yale yale ya Tanga na Dar, kasoro Segera.

Kuhusu siti, huyo mla vibibi ametia chumvi. Ni Airbus A320, watu 180, watatu huku watatu kule. Kwa mtu mrefu magoti yatalalamika, kwa mama wa kawaida ni kama basi zuri lisilolala kiti. Na kwa Penang ni saa moja tu, hajamaliza kusoma Ayatul Kursiy mara kumi wanatangaza kufunga mikanda.

Jambo jingine mnalosahau wote: kuna fomu ya kuingilia Malaysia inayojazwa mtandaoni, MDAC, tangu Januari 2024. Inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, haina malipo. Ukikuta tovuti inadai dola, hiyo siyo. Mjazie wewe, usimwachie uwanjani.

Ng'onda awaache. Samaki, nyama, mbegu, mazao, vyote vinataka kibali na wakaguzi wapo. Viungo vya uji nunueni vya kusagwa vya pakiti, au asibebe kabisa. Pilipili manga na iliki vimejaa hapa, Wahindi wa Penang wanauza mpaka barabarani. Nazi ndiyo usiseme! Sokoni wanakukunia kwa mashine unasubiri, na tui unauziwa kwenye mfuko. Chakula chao cha asubuhi, nasi lemak, ni wali wa nazi na dagaa wa kukaanga. Mama atadhani yuko Ngamiani ila wamezidisha pilipili. Mbuzi ibaki nyumbani.

Mla Vibibi

Nimekubali, nimetia chumvi. Nami nichangie la maana basi: kama mama ana pawabenki, iende begi la mkononi, kamwe isiingie mzigo wa chini. Na asiitumie ndani. Baada ya ile ndege kuungua uwanjani Busan, Korea, Januari 2025, mashirika mengi ya Asia yamepiga marufuku kuchajia simu nayo mkiwa angani. Scoot ya Singapore ilianza Aprili mwaka huo huo.

Na mafuta ya nazi, chupa yoyote inayozidi mililita 100 haipiti mkononi. Chini, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine. Nimewahi kufungua begi langu likiwa linanuka kama kichwa cha bibi harusi.

KijanaWaChumbageni

Mrejesho. Nimelipia kilo 20 za chini kwenye ile ya Penang, na ndege nimeisogeza asubuhi ya pili. Shemeji atakuja Kuala Lumpur walale huko. Zile 30 tumezihesabu kama 20 tangu Dar, ili asifike akaanza kugawa mizigo kwenye foleni.

Jioni nimeazima mzani wa muuza machungwa hapa mtaani, tumetundika begi kwenye kenchi ya jikoni. Mara ya kwanza 26. Mama katoa mbuzi mwenyewe, bila kusema neno, kairudisha uvunguni. Ng'onda kampa jirani. Mafuta chupa moja. Ikawa 21 na nusu. Hapo tukabishana sana. Msio peke yake ni kilo 3. Kasema bora atoe kanga. Katoa doti mbili, mpaka sasa 20 na vipointi, na mkononi ni 5 pamoja na mkoba.

Mama Vitenge, anauliza doti hizo mbili avae ngapi.

Mama Vitenge Ngamiani

Mwambie moja ajitande, nyingine ajifunge, hilo ni vazi, hakuna mzani unaodai vazi la mwanamke wa Tanga. Chupa ya maji aibebe tupu, akishapita ukaguzi ajaze kwenye bomba. Na umpe noti ndogo ndogo za ringgit kabla hajapanda, shemeji amtumie hata 50 kwa mtu. Asije akakaa na kiu kama mimi.

Na huo msio aufunge na mkaja katikati ya begi, usije ukavunjika.