Ukihamia ardhi ya watu, mizimu ya pale unaibishia hodi vipi? Tupeane uzoefu

Sale la Mlimani
Wakuu, habarini. Uzi huu ni wa tunaoshika mila, kwa siri au hadharani. Wahubiri naomba mpite kushoto.

Mimi ni Mchagga. Nyumbani najua pa kuanzia: mbege ya kwanza inamwagwa chini, babu na baba yake wanatajwa, ndipo kata izunguke. Sasa nimepata shamba huku Kolo, Kondoa. Jana jirani yangu, mzee wa Kirangi, kaniambia kwa upole kabisa, "Umelima, umejenga, ila kwa wenye mahali hujajitambulisha." Nikamuuliza wepi, akaelekeza kidevu kule miambani. Usingizi umekata. Walionizaa nawajua, hawa wa huku sina nasaba nao. Nyie mliohamia kwa watu mlifanyaje?

Mzigua Asilia
Mchagga kanunua, kajenga, kavuna, ndiyo anauliza hodi 😂 Mbona hati uliisaini bila kutetemeka?

Binti Kondoa
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Hapo alipokuonyesha ni Mungomi. Wengi wanapajua kwa michoro ya miambani, ile ya Kondoa iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wazee wetu wanapanda pale kuomba mvua, na hawajaacha. Kaka, usibebe chupa yako ukaenda kujifanya mwenyeji. Mpelekee mzee mtama wa pombe, kaa chini, sema unatoka wapi na wewe ni mtoto wa nani. Atakutaja yeye. Ukipanda peke yako, hata wakikusikia watauliza huyu kaletwa na nani.

Konda Mstaafu
Naunga mkono hoja.

Jicho la Tatu
Na hiyo pombe mnayorusha pale inaharibu michoro. Mnaomba mvua huku mnafuta urithi.

Binti Kondoa
Watalii wanaopapasa ukuta kwa vidole vyenye mafuta hujawaona? Wazee ndio mnaowaona peke yao?

Msandawe wa Mjini
Mkigombana mkumbuke michoro mingi ya pale inahusishwa na wawindaji waliokuwapo kabla ya Warangi kufika, wazee wetu sisi na Wahadzabe. Warangi walikuta mahali pana wenyewe, wakaomba hapohapo. Mchagga ni mgeni wa wageni.

Binti Kondoa
Hapo sasa umeamua kuniudhi. Mtu akae karne ngapi ndipo aitwe mwenyeji?

Mwana wa Gohu
Ndugu zangu wa Tanzania, mimi ni Mgiriama wa Kilifi. Nilikuwa nasoma tu, lakini hilo neno "hujajitambulisha" limenichoma, kwa sababu kwetu yalitokea kinyume chake. Babu ndiye aliyehamishwa.

Babu yangu alikuwa wa Gohu, chama cha siri cha wazee wenye heshima, na mzee wa Gohu akifa huwekewa kigango. Kwa wasiojua: ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kichwa na mabega, mwili mzima nakshi za pembetatu, kisha unafungwa vitambaa. Hatukiiti sanamu. Yule ni mzee mwenyewe amesimama. Na akishasimama haondolewi. Sisi tulihama mji ule, tukajenga mbali kidogo, vigango vikabaki mahame. Ukiwa na jambo, iwe harusi au kupanda, unarudi kule na pombe yako ya mnazi, unamimina pale chini, unasema naye.

Dada yangu alipokuwa anaolewa, baba alitoka alfajiri na kibuyu, mimi nyuma yake. Tulipofika, vingine vilikuwepo, cha babu hakuna. Lilibaki shimo, na kitambaa chekundu kimekanyagwa matopeni. Baba hakupiga kelele. Alipiga magoti akaingiza mkono ndani ya shimo mpaka kwenye kiwiko, akapapasa kama mtu aliyeangusha funguo. Kisha akasimama na kibuyu chake, na nikaona kabisa kwamba hajui amimine wapi. Ukimimina shimoni unamnywesha nani? Ukirudi nacho nyumbani, harusi umemwambia nani? Mpaka leo nikinusa mnazi naona mkono ule wenye udongo.

Jioni yake baba zangu wadogo wakaanza kutazamana, maana kigango hakiibwi na mtu asiyejua njia ya mahame. Mwizi ni kijana wa karibu, anapewa pesa kidogo na dalali, dalali anauza kwa mwenye duka la vinyago, na duka halikuulizi. Ndugu wawili waliacha kusalimiana. Mtoto akiumwa, lawama. Mvua ikichelewa, lawama. Nasikia watu wanaogopa hasira za koma, yaani mizimu ya wazee. Mimi nilichokiogopa ni macho ya wazee wangu kwenye sahani moja ya wali.

Babu yuko wapi sijui. Labda sebuleni kwa mtu Ulaya, ametiwa taa. Vingine vimeshaonekana: kuna kilichorudi mwaka 2007 kutoka makumbusho ya Illinois huko Marekani, na makumbusho ya Denver nayo ikarudisha 30. Kwa hiyo nawauliza nami: babu aliyepelekwa ardhi ya watu bila kuaga, hodi kambishia nani?

Konda Mstaafu
Mkuu, nimeweka simu chini kwanza.

Mama Wawili
Harusi ilifungwa au iliahirishwa?

Jicho la Tatu
Chai. Kwani hamkuweza kuchonga kingine?

Mwana wa Gohu
@Jicho la Tatu, akiibwa baba yako utachonga mwingine? Mzee huomba mwenyewe, kwa ndoto au kwa mganga. Hajaomba. Mama Wawili, ilifungwa. Baba alimimina kwenye kizingiti cha mlango, wazee wakamkemea mpaka kesho yake.

Mdigo Halisi
Poleni sana. Ndiyo maana Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu hapa Diani, hata mgeni mwenye dola anafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Hakuna kubusiana, na hata jani kavu halitoki.

Ustaadhi Tanga
Nimepita kushoto nimeshindwa. Hii ni shirki wazi, ogopeni siku ya hesabu.

Mzigua Asilia
Ustaadhi, ubani na marashi vilivyojaa pangoni Amboni viliwekwa na Wanorwe? Ukirudi Ijumaa waangalie wa safu ya kwanza vizuri.

Mbeba Maboksi UK
Mimi niko Uingereza, karibu na Bath. Warumi walipoivamia nchi hii walikuta pale chemchemi ya maji moto na mwenye chemchemi, Sulis. Hawakumfukuza, walimuunganisha na Minerva, mungu wao wa kike, hekalu likaitwa kwa majina yote mawili. Kilichonichekesha ni yale mashtaka: watu waliandika kwenye vibamba vya risasi wakavitumbukiza majini, vimepatikana kama 130, vingi vinalalamikia wizi. Mtu kaibiwa vazi lake bafuni, anamwomba Sulis amkoseshe mwizi usingizi. Mwana wa Gohu, nikuandikie kimoja?

Mwana wa Gohu
Andika. Jina la dalali nakutumia pembeni.

Msandawe wa Mjini
Hao Warumi walikuja na majeshi. Kuunganisha majina baada ya kuteka nchi mnakuita heshima?

Mama Wawili
Mdogo wangu Sale, mimi Mhaya nimeolewa Mbeya. Sikuomba cha mtu. Kila nikipika mara ya kwanza kwenye nyumba mpya natupa tonge nje nasema "nimefika, sijaja kwa shari". Wangu nawaita nikienda kwetu. Usichanganye.

Mdigo Halisi
Tonge bila kujua miiko yao? Je kama wanakataa chumvi? Uliza kwanza.

Konda Mstaafu
Mimi huwa naacha sarafu.

Binti Kondoa
Sarafu peleka dukani. Mtama!

Sale la Mlimani
Nimemfuata mzee, kasema Jumamosi nije na mtama, na nisivae saa. Sababu ya saa hakusema. Mtama kiasi gani?

Binti Kondoa
Debe.

Mzigua Asilia
Debe ni la harusi, kisado kinatosha. Ila wewe Mchagga beba debe, faida umeshaila.