Mnaouza RAM za laptopu Kariakoo mnatuumiza: mnaweka RAM isiyo yake, halafu mnasema mazabodi imekufa

Wakuu, heshima kwenu. Hasira hii nimekaa nayo tangu wiki iliyopita na leo naitoa hapa, maana najua si mimi peke yangu niliyefanyiwa hivi.

Nina HP EliteBook 840 G1, zile used zilizojaa mjini, prosesa Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu inayoshika kazi ulizofungua kwa wakati huo) 4GB. Ndiyo inayobeba kazi zote za stationery yangu: barua, CV za watu, fomu za ajira, kuskani vyeti. Fungua Word na kurasa chache za Chrome, inaganda mteja kasimama mbele yako na foleni nyuma yake. Mashine yenyewe ni nzima, SSD (diski ya kasi) ilishawekwa, kilichobaki ni RAM tu. Nikampa mdogo wangu hela, aende Kariakoo akaongezewe 8GB.

Akaambiwa aiache, arudi jioni.

Aiache kwa kazi gani? Laptopu hii haihitaji hata bisibisi. Unaigeuza, unatoa betri, unasukuma kitufe kinachoshika mfuniko wa chini, mfuniko unateleza unatoka, na sloti mbili za RAM ziko hapo hapo. Ni kazi ya dakika tano juu ya kaunta, mwenye mali akiangalia. Lakini mashine ilipelekwa chumba cha nyuma.

Jioni dogo anarudi, kioo cheusi. Feni inazunguka, taa ya Caps Lock inapepesa, basi. Fundi anamwambia, "Dogo, mazabodi imekufa, hii ilikuwa mbovu tangu umekuja nayo." Mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha kila kitu ndani ya mashine. Mashine hiyo hiyo iliwashwa asubuhi juu ya kaunta yao, ikafika mpaka Windows, wote wakiangalia! Kisha akamwambia kwamba yuko tayari kumsaidia, ainunue kama spea kwa elfu themanini.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huku kwetu Mbagala. Akaifungua mbele yangu, akachomoa RAM, akaisogeza kwenye mwanga akasoma stika. Akavuta droo yake, akatoa nyingine, akaichomeka. Mashine ikawaka pale pale. Mazabodi nzima, haina hata alama.

Akaziweka mbili pembeni nizione. Ya Kariakoo imeandikwa PC3-12800S. Ya kwake imeandikwa PC3L-12800S. Tofauti ni hiyo L, na hiyo L ndiyo ilitaka kunifanya niuze mashine yangu kwa elfu themanini.

Kwa wasiojua: RAM ya DDR3 ya kawaida (stika yake PC3) inatumia umeme wa volti 1.5, DDR3L (stika yake PC3L) inatumia volti 1.35. Kwa umbo ni zile zile, pini 204, mkato uko sehemu moja, kwa hiyo zote zinaingia kwenye sloti bila kulazimisha. Laptopu za kizazi cha tatu kurudi nyuma zilitumia ile ya volti 1.5, na DDR3L kwa kawaida inakubali kufanya kazi humo. Kinyume chake hakuna. Laptopu za kizazi cha nne kama hii yangu zinataka DDR3L, ukiweka ya volti 1.5 unapata kioo cheusi. Mtu anayeishi kwa kuuza RAM halijui hilo? Kama halijui, asiguse mashine za watu. Kama analijua, basi alichomfanyia mdogo wangu ni wizi, na mimi naamini alikuwa analijua, kwa sababu ofa ya kununua "spea" ilikuja haraka mno.

Sijamaliza. 4GB yangu iliyokuja na mashine haikurudi. Dogo alipouliza akajibiwa kwamba ya zamani inabaki dukani, ndio utaratibu. Utaratibu wa nani? Mashine ina sloti mbili, nilitaka 8 ikae pamoja na 4 yangu nipate 12. Ile RAM ni mali yangu, na kesho watamuuzia mtu mwingine.

Halafu hiyo 8GB waliiuza kama mpya, ndani ya kifuko cha plastiki, elfu sitini na tano. Nimeitazama vizuri. Meno ya dhahabu yana mikwaruzo ya kuchomekwa na kuchomolewa, stika imenyanyuka pembeni, na namba ya tarehe ya kutengenezwa inasoma 1342, yaani wiki ya 42 ya mwaka 2013. RAM used sina ugomvi nayo, RAM huwa zinadumu, na wengi wetu hapa tunatumia used. Niambie ni used, nilipe bei ya used. Usinidanganye.

Risiti yenyewe imeandikwa kwa kalamu, haina hata aina ya RAM, chini imegongwa muhuri "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Muhuri hauwezi kufuta sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa, na FCC, Tume ya Ushindani, wapo kwa ajili hiyo.

Na mchezo huu hauko kwa wenye HP tu. Kuna jirani yangu mwenye ThinkPad T440s, kauziwa RAM mbili za 8GB wakati mashine ile ina 4GB iliyochomelewa kwenye mazabodi na sloti moja tu, mwisho wake 12. Ya pili iko kabatini mpaka leo, wamekataa kuipokea. Wangefungua mfuniko kwanza wakaangalia, wasingemuuzia mbili.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, utaona sloti ngapi zipo na ngapi zimetumika. Piga picha stika ya RAM uliyonayo. Ukifika dukani wakikataa kufungua mbele yako, chukua mashine yako uondoke, maduka yako mengi.

Jumamosi naenda pale na mashine ikiwa inawaka, RAM yao na risiti yao. Nataka elfu sitini na tano yangu na 4GB yangu, ile ile, kwa sababu picha ya stika yake ninayo kwenye simu. Wakigoma naenda FCC. Aliyewahi kufungua malalamiko pale aniandikie hapa: risiti ya mkono isiyo ya EFD (mashine ya risiti za kodi) wanaipokea kama ushahidi, au inabidi nianzie TRA, mamlaka ya mapato?