Tupeane uzoefu: lugha ya programu ilipobadilika wewe ukiwa umelala

Mlinzi wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Leo mchana nimepigiwa simu na mteja niliyemtengenezea mfumo wa nyumba ya wageni mwaka 2014. Hata namba yake sikuwa nayo tena. Anasema, "Kijana, mfumo wako umekuwa mweupe." Mweupe pe, hata herufi moja hakuna. Nikajua palepale, kabla sijagusa kompyuta: watu wa hosti, wale wanaouhifadhi mfumo mtandaoni, wamepandisha toleo la PHP, lugha niliyouandikia. Zile mysql_query zetu za enzi zile, amri za kuongea na hifadhidata, ziliondolewa kwenye toleo la 7, Desemba 2015, na onyo lilishatolewa tangu 5.5 mwaka 2013. Mteja wangu alikuwa anaishi kwenye 5.6 kwa huruma ya hosti tu.

Sasa nimekaa najiuliza. PHP, lugha ya 1995, inajikarabati ili vijana wasiikimbie, sawa. Ila gharama ya ukarabati analetewa nani? Mliokutwa na haya leteni visa. Na mniambie, huyu mzee nimtoze au nimfanyie bure?

Kitasa
Mtoze.

Mama wa Seva
Usimtoze, mkuu. Mteja aliyekaa miaka yote hiyo bila kukupigia simu ni wa kuoshewa miguu.

Mkongwe wa VB
Nyie hangaikeni na matoleo yenu. Mimi nina programu ya duka la dawa hapa Kariakoo, niliiandika kwa VB6, yaani Visual Basic 6, lugha iliyotoka 1998. Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia mwaka 2008. Data ziko kwenye Access, hifadhidata ya Microsoft. Mpaka ninavyoandika hapa inauza panadol kwenye Windows 10, haijui kama ilishafiwa na wazazi. Lugha iliyokufa haikuamshi usiku, vijana.

Mnairobi
Haikuamshi lakini siku ile kompyuta inakufa, utaita nani? Mimi huku Nairobi nilirithi mfumo wa VB6 kwa jamaa wa spea za magari. Kanunua mashine mpya, ukibonyeza tu unaambiwa MSCOMCTL.OCX haipo. Siku mbili nazunguka na faili moja! Nikakuja kuipata kwa flashi ya mzee fulani mstaafu, pamoja na virusi vitatu.

Mkongwe wa VB
Hiyo ni regsvr32 tu, amri ya kuisajili faili kwenye Windows, dakika mbili.

Mnairobi
Kwa folda gani, mzee wangu? System32 ama SysWOW64? Hapo ndipo siku zangu mbili zilienda.

Mwaka wa Pili
Sisi chuoni bado tunafundishwa Turbo C, ile programu ya kale ya kuandikia lugha ya C, ya skrini ya bluu, inafunguliwa ndani ya DOSBox, kiigizo cha kompyuta za zamani. Sitaji chuo, mtihani ni wiki ijayo.

Hesabu Sifuri
Nilikuwa nasoma kimyakimya ila mmenitonesha kidonda, ngoja niseme.

Mwanzoni mwa 2023. Nina mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya walimu, nimeuandika kwa mikono yangu. mysql_query nilishazifyeka siku nyingi nikaweka PDO, njia mpya ya kuongea na hifadhidata, kwa hiyo nilijiona mjanja. Hosti wakaleta barua pepe: PHP 7.4 imefika mwisho Novemba, tunawahamishia 8. Nikajaribu. Ukurasa wa kuingia unafunguka, orodha ya wanachama ipo, risiti inatoka. Nikakubali, nikaenda kula.

Kumbe humo ndani kulikuwa na mstari mmoja niliouandika zamani nikiwa na usingizi:

if ($baki == "")

$baki ni mkopo ukitoa malipo. Mtu akimaliza deni, jibu ni 0. PHP ya zamani ukiiuliza kama 0 na maandishi matupu ni kitu kimoja, inasema ndiyo. Kwa hiyo waliomaliza walikuwa wanapita mlango wa "hana deni", miaka nenda rudi. PHP 8 ikasema hapana, 0 na "" ni vitu viwili. Hakuna ukurasa mweupe wala onyo lolote. Mlango umehamishwa tu, na watu wanaendelea kupita.

Saa 12 asubuhi ile kazi ya kutuma SMS ikaamka. Kila mwanachama aliyewahi kukopa na kumaliza akapata: "Ndugu mwanachama, unadaiwa Sh 0. Lipa ndani ya siku 3, vinginevyo wadhamini wako watawajibika." Nakala kwa wadhamini wake wawili. Watu mia nne na ushee. Wengine walimaliza tangu 2016. Wengine ni marehemu, laini zao wanazo watoto.

Saa 2 kasorobo meneja anapiga. Salamu hakuna. Nyuma yake nasikia makelele kama niko stendi. Nilipofika nikakuta kinamama wawili hawasemeshani, mmoja alimdhamini mwenzake na alikuwa ameshampigia simu ya matusi alfajiri. Kuna kijana kaja na cheti cha kifo cha baba yake. Halafu kuna mwalimu mstaafu, amepanda basi la kwanza kutoka wilayani, ana bahasha ya kaki yenye risiti zote. Akazipanga mezani moja moja, taratibu, watu wote kimya. Akamwangalia meneja, akasema: "Nimefundisha hesabu miaka 34. Sifuri haidaiwi."

Ule mstari niliurekebisha kwa sekunde kumi. Kuomba radhi kulichukua wiki mbili, nyingine kwa miguu.

Kitasa
Sifuri haidaiwi. Nakufa.

Mama wa Seva
SIFURI HAIDAIWI. Naitia kwenye fulana.

Mlinzi wa Zamu
Aisee, pole sana kaka. Basi mweupe wangu mimi ni neema.

Injinia Mstaarabu
Samahani kama nitakuudhi, Hesabu Sifuri, lakini hilo kosa ni lako, si la PHP. Nani analinganisha namba na maandishi matupu? Ungeandika $baki === 0, alama tatu za sawasawa zinazodai namba kwa namba, ungelala usingizi wako.

Hesabu Sifuri
Mwaka niliojifunza, hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya PHP, ilikuwa inakuelewa hata ukiongea kwa mafumbo. Humlei mtoto kwa kumdekeza miaka 25 halafu usiku mmoja unamchapa kwa tabia uliyomfundisha mwenyewe.

Injinia Mstaarabu
Na ndiyo hiyo iliyotufanya tuchekwe! Kabla ya 8, ukiuliza kama 0 ni sawa na "abc" unajibiwa ndiyo. Huyo Nikita Popov aliyeleta pendekezo la kulibadilisha alitusitiri. Lugha isiyojirekebisha inabaki ya wazee wa panadol.

Mkongwe wa VB
Nimesikia.

Injinia Mstaarabu
Shikamoo mzee, sikukulenga.

Mkongwe wa VB
Marahaba. Ulinilenga.

Mnairobi
Tusisahau kuna wale wa lugha nyingine walijaribu kubadilisha kila kitu mara moja. Python 3 ilitoka Desemba 2008, Python 2 ikazikwa Januari 1, 2020. Hiyo ni maiti imekaa mochari miaka 11 na bado watu wanailetea chai. Perl nao walitangaza ya 6 mwaka 2000, ikatoka Krismasi ya 2015, 2019 wakaibadilisha jina ikawa Raku. Perl mwenyewe bado anaitwa 5. Na hata hao wa PHP, 6 yao iko wapi? Waliianza wakitaka Yunikodi, mfumo wa herufi za lugha zote, kila mahali, ikawashinda, wakaruka kutoka 5 hadi 7. Kwa hivyo hii ya kubadilisha kidogo kidogo ndiyo imewaokoa.

Hesabu Sifuri
Kidogo kidogo ndiyo iliyonichapa, bro. mysql_query walipoiondoa mfumo ulikufa kwa kelele, nikarekebisha siku hiyohiyo. Hii ya 0 haikupiga kelele. Wakitaka kubadilisha wabadilishe, ila kivunjike nisikie.

Injinia Mstaarabu
Hapo nakubali nusu.

Bi Keshia
Mimi si mtu wa programu, mdogo wangu ndiye kanionyesha hapa. Nilikuwa dirishani kazini kwetu wakati mfumo ulipolala kwa jambo kama hilihili. Mlivyokuwa mnabishana alama mbili za sawasawa au tatu, sisi tuliandika risiti kwa mkono siku tatu, na foleni imetoka nje mpaka kwa muuza miwa. Fundi akaja na jibu moja: "Lugha imeboreshwa." Nikamuuliza, imeboreshwa kwa nani?

Mama wa Seva
Dada, umemaliza.

Fundi wa Ijumaa
Ushauri wangu kwa mleta mada: waombe hosti wakurudishie toleo la zamani, kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti, kuna sehemu ya kuchagua. Dakika moja, mzee anaendelea kupokea wageni.

Injinia Mstaarabu
Usimsikilize! 5.6 haijapata kiraka cha usalama tangu mwisho wa 2018. Utakuta tovuti ya nyumba ya wageni inauza viagra.

Fundi wa Ijumaa
Kwani nyumba ya wageni haiuzi?

Mama wa Seva
Mods, huyu atolewe.

Kitasa
Hamia Laravel.

Mnairobi
Usihamie kitu. Chukua nakala ya mfumo wote, weka kwa mashine yako, panda ngazi moja moja: 5.6, 7.0, 7.4, halafu 8, na washa maonyo yote. Sisi tuliyazima kwa error_reporting(0) ndiyo mteja asione aibu, ndiyo maana tunashtuliwa.

Hesabu Sifuri
Na zima SMS kwanza. Nakusihi. Kabla ya kugusa chochote, zima SMS.

Mlinzi wa Zamu
Mrejesho, wakuu. Nimeongea na mzee, nimemwambia nusu bei. Kakubali, ila anataka nimwekee na kitufe cha kuficha wageni wa mchana kwenye ripoti anayoiona mkewe. Hapo ndipo nimetoza bei kamili.

Mwaka wa Pili
Hesabu Sifuri, samahani, yule mwalimu wa bahasha alirudishiwa nauli?

Hesabu Sifuri
Nililipa mimi mfukoni, kwenda na kurudi. Alinidai risiti ya hiyo nauli, nikaandika, akaiweka kwenye bahasha.