Rodi ndefu za kuvulia kutoka Maskati hadi Mafia, natumaje bila kuumia kwenye nauli?

kolekole_mafia:

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa mawazo maana nimekwama. Mimi ni nahodha wa boti ndogo hapa Kilindoni, napeleka wageni kuvua, na mara nyingi wageni wanataka kolekole na nguru kwa rodi, sio mshipi wa mkono. Baba mdogo wangu yuko Maskati miaka mingi, umri umekwenda, bahari ameacha, sasa kanipa rodi zake tatu. Mbili za kurushia popa (chambo bandia cha kuelea juu ya maji), futi nane kila moja, na moja fupi ya jigi (chambo kizito cha chuma cha kuzamisha) futi tano na nusu. Hizi rodi nazijua tangu mdogo, alikuwa anakuja nazo likizo na mimi ndiye nilikuwa namshikia, kwa hiyo kwangu sio kifaa tu.

Shida ni kuzifikisha. Bamdogo alienda kampuni ya vifurushi pale kwao, wakapima boksi alilotengeneza, urefu sentimita 250, upana 15 na kimo 15, wakamwambia riyali 70 na ushee. Alipouliza mbona mzigo wenyewe kilo tatu na nusu tu wakamjibu kwenye kompyuta unasoma kilo kumi na moja na nusu. Yeye kadhani wanamwibia akaurudisha nyumbani. Sasa mimi laki nne na nusu kwa nauli sina, na kuziacha pia siwezi. Kuna mtu humu ameshawahi kutuma kitu kirefu hivi? Mlipitia wapi? Nasikia pia watu wanazikata katikati na kuunga, mimi roho inakataa.

BabaZuhura_MCT:

Kaka usikate chochote tafadhali! Rodi ikikatwa na kuungwa na mtu asiyejua, pale kwenye kiungo ndipo itakapovunjikia siku kolekole wa kilo ishirini anapiga mbizi kwenye matumbawe.

Mimi niko Maskati pia na nimetuma rodi Dar na Tanga mara kadhaa, kwa hiyo nikueleze hapo alipopigwa bamdogo. Hawakumwibia. Mizigo ya ndege inapimwa kwa vitu viwili, uzito wa mizani na uzito wa ujazo, halafu unalipia ule mkubwa. Wa ujazo wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5000. Chukua boksi lake, 250 mara 15 mara 15 ni 56,250, gawa kwa 5000 unapata 11.25, wakapandisha hadi nusu kilo inayofuata, ndio hiyo 11.5. Yaani mlikuwa mnalipia hewa iliyomo ndani ya boksi, rodi zenyewe hazina neno.

Sasa muulize bamdogo kitu kimoja. Rodi nyingi za popa za futi nane zinaonekana kipande kimoja lakini mpini unachomoka. Aangalie juu kidogo ya pale inapokaa rili (ile mashine ya kukunjia mshipi), kama kuna mstari mwembamba umezunguka au pete ya chuma ya kukaza. Kama zimekaa miaka bila kufunguliwa chumvi itakuwa imeshika, asitumie koleo, aimwagie maji ya vuguvugu pale kwenye kiungo, asubiri, kisha watu wawili wavute huku wanazungusha taratibu. Ikichomoka basi kipande kirefu hakizidi mita moja na themanini hivi.

Halafu aachane na boksi, achukue bomba. Bomba la inchi nne ukiweka kofia zake linafika kama sentimita 12, sasa piga 190 mara 12 mara 12 gawa kwa 5000, unapata 5.47, yaani 5.5. Umeshapunguza nusu na zaidi kabla hujabembeleza mtu bei.

kolekole_mafia:

Baba Zuhura Mungu akubariki. Nimempigia muda huu huu, kaenda stoo na tochi, kweli mstari upo kwenye zote mbili! Moja imechomoka palepale, ya pili imeng'ang'ania anaenda kuiwekea maji. Kipande kirefu kapima sentimita 178. Ile ya jigi haina kiungo ila ni fupi, 168, inaingia humo humo.

DadaKago:

Habari zenu, mimi nafanya kazi ya mizigo Dar hapa, niongezee kidogo. Hesabu ya Baba Zuhura ni sahihi ila kuna tozo nyingine watu hawaijui mpaka wanaletewa bili, nayo ni ya mzigo mrefu. Kampuni nyingi upande mmoja ukizidi mita moja, wengine mita moja na sentimita ishirini, kuna pesa inaongezwa juu hata kama mzigo ni mwepesi kama unyoya. Kwa hiyo ukiuliza bei usiseme "kilo tano na nusu", sema "bomba la sentimita 190" na uombe bei kamili iliyojumlisha hiyo tozo, na wakutumie kwa maandishi.

Posta kwa EMS, ile huduma yao ya haraka, nchi nyingi mwisho ni mita 1.5 kwa urefu, kwa hiyo hizo zako hazipiti, usipoteze nauli ya teksi kwenda kuuliza. Kumpa msafiri kwenye ndege nako mashirika mengi begi la kawaida ukijumlisha urefu, upana na kimo lisizidi sentimita 158, zako zimevuka, itabidi zilipiwe kama vifaa vya michezo na kila shirika lina bei yake. Siku ukinunua rodi mpya tafuta zile za safari za vipande vitatu au vinne, futi saba kwa vipande vitatu ni kama sentimita 75 tu, inalala ndani ya begi la nguo.

Kwa hali yako kama huna haraka mimi ningekwambia meli. Melini mzigo mdogo unaounganishwa na wa watu wengine unalipia CBM, yaani mita za ujazo, na bomba lako 1.9 mara 0.12 mara 0.12 halifiki hata 0.03. Tatizo mawakala wana kiwango cha chini cha malipo, ukipeleka bomba peke yake utalipishwa kama umepeleka katoni kubwa. Dawa ni kumpata mtu mwenye mzigo wake tayari ukaingiza bomba humo mkachangiana. Na muandike ukweli kwenye orodha ya mzigo, "fishing rods, used", namba ya forodha ni 9507.10, na thamani ya kweli. Nimeona bomba limeandikwa "pipe" likafunguliwa kwa msumeno bandarini kwa sababu mkaguzi kasikia kitu kinagonga ndani na hajui ni nini.

FundiRodi_Mza:

Wamesema vizuri wote lakini nauli ni nusu ya kazi, naomba tuongelee kufunga maana hapa Mwanza naletewa rodi zilizovunjika safarini kuliko zilizovunjwa na sangara. Na zinavunjika kwa staili moja, bomba linasimamishwa wima au linarushwa, rodi inateleza ndani, ncha inapiga kwenye kofia, sentimita kumi za mwisho zinakwenda.

Bamdogo afanye hivi. Bomba gumu la PVC la maji taka ni zuri ila lina uzito, mita moja ya inchi nne inakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo kwa ndege aangalie lisije likapita ule uzito wa ujazo, kwa meli haina shida. Akitaka jepesi aende duka la mazulia aombe lile bomba la karatasi ngumu ambalo zulia linazungushiwa, mara nyingi wanatupa, lile nene ukilipigia mtu kichwani analazwa. Rodi azipange kichwa kwa mkia, ncha ya moja ikae kwenye mpini wa nyingine, kila pete ya kupitishia mshipi aizungushie kitambaa, fulana za zamani zinatosha, halafu azifunge pamoja sehemu nne kwa utepe wa kitambaa, asitumie tepu ya gundi juu ya rangi.

Sasa siri yenyewe. Katikati ya rodi aweke mpini wa ufagio au mwanzi, na uwe mrefu kuliko rodi kwa vidole vitatu kila upande. Afunge vyote pamoja. Bomba likianguka wima anayepiga kofia ni ufagio, ncha za rodi zinabaki zinaning'inia salama. Mwisho aweke sponji pande zote mbili, kofia moja agundishe, nyingine aitoboe na kuifunga kwa skrubu mbili ili forodha wakitaka kufungua wafungue kwa bisibisi na waweze kurudisha.

mtu_wa_Malindi_Unguja:

Asalaam alaykum. Kwa nini msipitishe Unguja? Ndugu zetu wa Maskati wanaleta mizigo ya nyumbani kila wakati, majokofu, mazulia, makochi. Muulize bamdogo kama kuna jirani anayesafirisha zulia, bomba liingizwe katikati ya zulia lenyewe pale linapozungushwa, hakuna sponji itakayoshinda zulia. Ila liandikwe kwenye orodha kama dada alivyosema, lisionekane limefichwa.

Likifika Unguja tunza risiti za forodha za huku, maana ukivuka kwenda Dar wanakagua tena na kutaka kujua ulilipia nini. Baada ya hapo boti hadi Dar, gari za Mbagala hadi Nyamisati, kivuko hadi kwako. Kwenye gari usikubali lipande juu ya keria peke yake, lilaze chini ya viti.

kolekole_mafia:

Wakuu nimerudi, imechukua miezi miwili na nusu ndio maana nimekuwa kimya. RODI ZIMEFIKA. Alipatikana jirani wa bamdogo anayejenga Unguja, alikuwa anashusha mazulia na friji mbili, bomba likaingia ndani ya zulia, tukamchangia riyali kumi na tano na akataka kukataa hata hizo. Unguja nilizifuata mwenyewe na risiti zote nikapewa, Dar waliniuliza nikaonyesha, wakafungua zile skrubu mbili, wakachungulia, wakarudisha.

Jana usiku nimefungua bomba nyumbani. FundiRodi nikwambie kitu, ule mpini wa ufagio upande mmoja umepasuka, umechanika kama vidole vinne kwenda ndani, na sponji ya upande huo imebonyea mpaka imekuwa karatasi. Sijui lilidondoka wapi. Rodi zote tatu ziko nzima, sijaona hata mkwaruzo. Nimekaa nazo sakafuni nikampigia bamdogo video, akaniambia niiunge ile iliyokuwa imegoma, nikaunga mbele yake, akanyamaza kidogo akasema ipake nta pale kwenye kiungo isije ikashika tena.

Ila kwenye ile ya jigi pete ya kwenye ncha ukiingiza ukucha ndani unasikia kama kuna mchirizi. Ni ya safari au ni ya zamani sijui. Wageni wanakuja wiki ijayo, niivulie tu?

FundiRodi_Mza:

Alhamdulillahi mkuu, nimefurahi sana. Hiyo usiivulie bado. Chukua pamba kavu ivute ndani ya pete, ikibakiza nyuzi basi kauri iliyo ndani ya pete imepasuka na itakata mshipi wako samaki wa kwanza. Kuibadilisha ni rahisi, pete ya ncha imeshikwa na gundi ya moto, pasha kile kichuma cha pete kwa kiberiti cha gesi sekunde chache, moto usiguse rodi, ishike na koleo uizungushe itatoka. Nipimie unene wa ncha kwa milimita nikutumie mpya. Hiyo inaingia kwenye bahasha.